PUMZI YA ASKARI NA HEWA YA OZONI

Wananchi wasikilizaji, na hasa ninyi maofisa, wapiganaji na askari polisi mlioko kambini, vituoni na barabarani:

Kila mwaka, tarehe 16 Septemba, mataifa ya dunia huadhimisha siku ya kuhifadhi tabaka la ozoni. Siku hiyo tunakumbushwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo kwayo mataifa yalikubaliana kuacha kutengeneza kemikali zilizokuwa zikiliharibu tabaka hilo, lililo juu yetu umbali wa kilomita 15 hadi 35 hivi. Tunaambiwa, na ni kweli, kwamba ozoni ya huko juu ni ngao yetu, kwa kuwa huizuia sehemu kubwa ya mionzi mikali ya jua isitufikie. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kulisikia jina la ozoni likitajwa kwa sifa njema tu.

Lakini iko ozoni nyingine, ya asili ile ile moja, inayozaliwa hapa chini tunapoishi na kufanya kazi. Hiyo haitukingi na lolote. Mtu akiivuta kwa kiasi cha kutosha, hupunguza uwezo wa mapafu yake, hata kama ni kijana mwenye afya kamili, asiyevuta sigara, na aliyekwisha kuzoea mazoezi mazito. Leo tunakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, kwa nini linawahusu watu wa majeshi na polisi kuliko wananchi wengi wengine, na ni mafunzo gani ambayo kiongozi wa askari anapaswa kuyapata humo.

Kwanza, ozoni ni nini? Oksijeni tunayoivuta kila siku imeundwa kwa atomi mbili zilizoshikamana. Ozoni ni oksijeni vile vile, ila yenyewe ina atomi tatu. Ile ya tatu haikushikamana sawasawa na wenzake. Hutafuta kila mara kitu cha kukirukia na kukichoma. Ndiyo maana ozoni hupasua mpira wa magari, hupausha rangi za nguo, na hudhuru majani ya mimea. Mtaalamu Christian Friedrich Schönbein ndiye aliyeigundua katika mji wa Basel, Uswisi, mwaka 1839, kwa harufu yake kali, na jina akaliita kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka. Harufu hiyo si ngeni kwa askari. Aliyepata kusimama karibu na fundi anayelehemu chuma kwa umeme, au aliyekuwa nje radi ilipopiga karibu, yumkini ameinusa.

Hakuna bomba la gari linalotoa ozoni. Hilo ndilo jambo linalowapoteza watu wengi. Gari hutoa hewa za naitrojeni zilizoungua, pamoja na mvuke wa petroli usioungua vizuri. Moto wa nyika na wa takataka nao hutoa vitu vya namna hiyo. Kisha jua likiwaka sana, mwanga wake huvifanya vitu hivyo vichanganyikane, na katika mchanganyiko huo ndimo ozoni huzaliwa. Kwa hiyo ozoni ni mtoto wa moshi na jua. Asubuhi na mapema huwa kidogo. Huongezeka kadiri jua linavyopanda. Na aghalabu hufikia kilele chake kati ya saa 6 mchana na saa 11 jioni. Jua likizama, hupungua tena.

Wasikilizaji, dunia ililijua jambo hili kwa njia ambayo mwanajeshi ataielewa upesi. Tarehe 26 Julai mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, wakazi wa mji wa Los Angeles katika jimbo la California, Marekani, walijikuta ndani ya ukungu mzito. Macho yaliwawasha, koo ziliwakereketa, na wengine walishindwa kuona mbele yao. Ilikuwa haijatimia miaka miwili tangu Wajapani waishambulie Pearl Harbor, na baadhi ya watu wakaamini kwamba adui amewashambulia kwa gesi ya sumu. Baadaye lawama zikaangukia kiwanda kimoja kilichokuwa kikitengeneza kemikali ya mpira bandia. Kazi ikasimamishwa kiwandani humo, lakini ukungu haukwisha.

Kumbe adui hakutoka ng'ambo ya bahari, wala hakukaa katika kiwanda kimoja. Mtaalamu mwenye asili ya Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akichunguza harufu ya mananasi katika chuo kimoja huko Pasadena, aliacha mananasi yake akauchunguza ukungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba ukungu ule ulitokana na moshi wa magari na mvuke wa petroli ukipigwa na jua, na kwamba ozoni ndiyo iliyokuwa kitu kikuu kilichozaliwa humo. Chombo chake kimoja cha kupimia kilikuwa rahisi mno: kipande cha mpira kilichopindwa. Kadiri mpira ulivyopasuka upesi, ndivyo ozoni ilivyokuwa nyingi.

Ikabaki kuuliza: kitu kinachopasua mpira, je, kinafanya nini ndani ya kifua cha mtu? Jibu la kwanza lilitoka kwa wakimbiaji. Mwaka 1967 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofuata mashindano ya mbio za nyika ya vijana wa shule moja ya sekondari karibu na Los Angeles, tangu mwaka 1959 hadi 1964. Katika mbio za namna hiyo mkimbiaji aliyefunzwa vizuri hutazamiwa kuboresha muda wake mashindano hata mashindano. Lakini wachunguzi waliona kwamba katika siku ambazo hewa ilikuwa imejaa ozoni na jamii yake saa moja kabla ya mbio, wengi zaidi miongoni mwa vijana wale hawakuweza kuuboresha muda wao. Hawa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa vijana waliochaguliwa kwa nguvu za miguu na vifua vyao.

Baada ya hapo wataalamu walijenga vyumba maalum ambamo hewa huweza kupimwa na kuongozwa watakavyo. Mojawapo ya mahali pa namna hiyo ni Chapel Hill, katika jimbo la North Carolina. Pengine ni Davis, California. Watu waliochukuliwa walikuwa vijana wenye afya, waliojitolea kwa hiari yao, wengi wao wa umri wa miaka 18 hadi 35, yaani umri ule ule wa askari walio wengi. Waliingizwa chumbani kwa muda wa zaidi kidogo ya saa 6 na nusu. Katika kila saa walitembea haraka au kukanyaga baiskeli isiyokwenda kwa dakika 50, wakapumzika dakika 10, na katikati wakapewa nafasi fupi ya kula. Kazi hiyo ililinganishwa na siku moja ya mtu afanyaye kazi ya nguvu nje. Siku moja hewa ya chumba ilikuwa safi. Siku nyingine ilitiwa ozoni kidogo sana.

Kipimo kilichotumiwa ni rahisi kukieleza. Mtu huvuta pumzi mpaka kifua kijae, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote ndani ya chombo, na chombo huonyesha ni hewa kiasi gani imetoka katika sekunde ya kwanza. Kijana mwenye afya aweza kutoa lita 4 au zaidi. Kipimo hicho hakina ubishi wala upendeleo.

Matokeo yalikuwaje? Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988, ozoni ilipokuwa sehemu 120 katika kila sehemu bilioni moja za hewa, pumzi ya vijana wale ilipungua kwa wastani wa takribani asilimia 13. Kwa kijana mwenye lita 4, hiyo ni nusu lita nzima. Mwaka 1990 ilionekana kwamba hata kwa sehemu 80 katika bilioni, pumzi ilipungua kwa asilimia 7 hivi. Uchunguzi wa Davis uliochapishwa mwaka 2009 ukashuka chini zaidi: kwa sehemu 70 kukawa na upungufu wa asilimia 5 na ushei. Katika sehemu 60 upungufu ulikuwa mdogo zaidi. Tena, pamoja na upungufu huo, vijana walikohoa, walisikia maumivu nyuma ya mfupa wa kifua walipojaribu kuvuta pumzi ndefu, na koo ziliwakereketa.

Kutokana na uchunguzi huu na mwingine wa namna hii, Marekani mwaka 2015 iliweka kiwango cha sehemu 70 katika bilioni kwa wastani wa saa 8. Shirika la Afya Duniani lashauri kiwango kilicho chini zaidi: mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo kwa saa 8, ambazo ni sawa na sehemu 50 hivi katika bilioni.

Sasa tufike kwenye swali linalowagusa ninyi. Kwa nini mtu mwenye afya, tena mwenye nguvu, adhurike na kitu kidogo namna hiyo? Jibu ni kwamba kinachohesabiwa si ozoni iliyomo hewani peke yake, bali ile iliyoingia kifuani. Mtu aliyeketi kivulini huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika moja. Mtu anayetembea kwa haraka na mzigo aweza kuvuta lita 40. Mwenye kukimbia kwa nguvu aweza kufikia lita 80 au zaidi. Isitoshe, mtu aliyechoka huacha kuvuta kwa pua, ambayo huipunguza ozoni kidogo, akavuta kwa mdomo. Kwa hiyo kuruta anayekimbia mchakamchaka, na karani aliyekaa ofisini akimtazama dirishani, wako katika kambi moja, saa moja, lakini hawavuti ozoni sawa. Wataalamu waliona kwamba kijana aliyetulia tu kwa saa mbili angehitaji kiasi cha sehemu 500 katika bilioni ndipo pumzi yake ipungue waziwazi. Kazi ya mwili ndiyo inayoigeuza hewa inayovumilika kuwa hewa yenye madhara.

Ni vema pia kueleza kinachotokea ndani. Ozoni haiyeyuki upesi majini, kwa hiyo haikomei puani na kooni; hushuka mpaka kwenye njia nyembamba za hewa. Huko hukutana na ute unaozifunika njia hizo, huuchoma, na vitu vinavyozaliwa katika kuungua huko huzichokoza neva zilizomo katika utando wa mapafu. Neva hizo hupeleka habari, na mwili, bila ya kumwuliza mwenyewe, humzuia kuvuta pumzi mpaka mwisho. Hapa pana jambo la kuangaliwa: upungufu wa pumzi unaotokana na ozoni kwa mtu mwenye afya, kwa sehemu kubwa, hautokani na njia za hewa kuziba, kama ilivyo kwa mwenye pumu. Unatokana na kifua kukataa kujaa. Hili lilithibitika mwaka 1998, ambapo watu waliokuwa wamepungukiwa sana pumzi walipewa dawa kali ya kutuliza maumivu, na mara ile ile sehemu kubwa ya pumzi ikawarudia.

Pumzi hiyo hurudi yenyewe pia. Mtu akiondoka katika ozoni, kwa kawaida hupata nafuu katika muda wa saa chache, na kwa wengi siku ya pili yake kipimo huwa kimerudi karibu na kawaida. Lau jambo hili lingekoma hapo, lisingalistahili kuzungumzwa sana. Lakini halikomi hapo.

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991, vijana waliokuwa wamevuta sehemu 80 na 100 katika bilioni walioshwa sehemu ya mapafu kwa maji ya chumvi, kupitia mrija mwembamba, saa 18 baada ya kutoka chumbani. Maji hayo yalipochunguzwa yalionekana kuwa na chembe nyeupe za damu kwa wingi kuliko kawaida, pamoja na dalili nyingine za uvimbe. Chembe hizo ni askari wa mwili. Hawaendi mahali ila pameumia. Na jambo la kushangaza ni kwamba ukubwa wa uvimbe haulingani na ukubwa wa upungufu wa pumzi. Yuko aliyekohoa sana na akapatikana na uvimbe mdogo; yuko asiyesikia kitu na akapatikana na uvimbe mwingi.

Na hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo penye funzo kubwa kwa kila kiongozi wa askari, kuanzia koplo hadi ofisa wa ngazi ya juu.

Katika kila kundi la vijana wenye afya, wachunguzi waliona tofauti kubwa. Wengine hawakupoteza karibu chochote. Wengine, kwa hewa ile ile na kazi ile ile, walipoteza zaidi ya robo ya pumzi yao. Tena aliyedhurika sana mara ya kwanza, aliporudishwa chumbani baadaye, alidhurika sana vile vile. Si uzembe, si woga, wala si upungufu wa mazoezi. Ni maumbile. Basi kuruta ambaye asubuhi anaongoza mbio, na alasiri ya siku ya jua kali na moshi anashika kifua na kusema hawezi kuvuta pumzi, asihesabiwe papo hapo kuwa mvivu anayetafuta kisingizio. Yawezekana anasema kweli tupu, na kipimo cha pumzi kingemshuhudia.

La pili, lazingatieni ninyi maafande wenye umri. Imeonekana kwamba upungufu huu wa pumzi ni mkubwa kwa vijana, na huzidi kuwa mdogo mtu apitapo umri wa miaka 35. Kwa mtu wa miaka 55 na zaidi huwa mdogo sana. Hata wavuta sigara huonyesha upungufu mdogo kuliko wasiovuta, na wakiacha sigara wepesi huo wa kusikia ozoni huwarudia. Hii haina maana kwamba uzee ni kinga, wala kwamba sigara ni dawa. Sigara ina madhara yake makubwa yanayojulikana. Maana yake ni kwamba kifua chao kimepoteza sauti ya kuonya. Kwa hiyo mkuu mwenye miaka 50, anayesimama kando ya uwanja wa kwata na kusema, "Mimi sioni ubaya wowote katika hewa hii," asikifanye kifua chake kuwa mizani ya vifua vya vijana wake.

La tatu ni hili la mazoea. Jeshini tunafundishwa kwamba mwili huzoea: nyayo huota sugu, mabega huzoea mzigo. Je, mapafu nayo huzoea ozoni? Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya vijana walioingizwa chumbani siku tano mfululizo, kwa sehemu 120 katika bilioni. Siku ya kwanza pumzi ilipungua kwa asilimia 13 hivi. Siku ya pili, asilimia 9. Siku ya tatu, chini ya asilimia 3. Na siku ya nne na ya tano haikupungua kwa kiasi cha kutajwa. Kikohozi na maumivu navyo vikaondoka. Mtu asiyejua angesema: tazama, wamekomaa.

Lakini wachunguzi hawakuridhika na hayo. Mwaka 1997 yalitolewa matokeo ya watu waliovuta ozoni nyingi zaidi kwa siku tano mfululizo, kisha mapafu yao yakaoshwa na kuchunguzwa. Baadhi ya dalili za uvimbe zilikuwa kweli zimepungua. Hata hivyo, dalili za kuumia kwa chembe za utando wa mapafu zilikuwa zingaliko. Kwa maneno mengine, mlinzi alikuwa ameacha kupiga king'ora, ilhali mwizi angali ndani ya nyumba. Tena mtu akikaa mbali na ozoni kwa majuma machache, mazoea hayo hutoweka, na hali hurudi kama ilivyokuwa siku ya kwanza.

Na madhara ya miaka mingi? Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 450,000 wa miji mikubwa ya Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka 18. Waliokuwa wakiishi penye ozoni nyingi walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa maradhi ya njia ya pumzi. Uchunguzi wa namna hii hauwezi kumwambia mtu mmoja mmoja litakalompata. Lakini unatosha kumwonya mwenye dhamana juu ya watu wengi.

Baadhi yenu mtauliza: haya ya California yanatuhusu nini sisi wa Afrika ya Mashariki? Hatusemi kwamba miji yetu imefikia hali ya Los Angeles ya zamani. Hapa Uganda, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umetuzoesha kuangalia vumbi laini la moshi, ambalo ni adui wa wazi wa mapafu katika Kampala na miji mingine, wala asisahauliwe kwa ajili ya ozoni. Lakini vitu vinavyozaa ozoni tunavyo vyote. Tunalo jua la ikweta mwaka mzima. Tunayo magari na pikipiki zinazoongezeka. Na katika kiangazi cha Desemba hadi Februari, nyika za kaskazini huchomwa moto, na moshi wake husafiri mbali.

Majirani zetu wa Kenya wamelitambua jambo hili mapema. Maputo ya kupima ozoni ya angani yamekuwa yakirushwa jijini Nairobi tangu miaka ya 1990. Na juu ya Mlima Kenya, katika urefu wa mita 3,678, kituo cha kupima hewa kilianzishwa mwaka 1999 chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na ozoni ni mojawapo ya vitu vinavyopimwa humo. Hewa haina pasipoti, wala haisimami mpakani Busia au Malaba kukaguliwa. Kipimo cha jirani ni habari kwetu pia.

Tujue vile vile kwamba ozoni haikai palepale ulipo moshi. Katikati ya barabara yenye magari mengi, moshi mpya wa magari huila ozoni na kuipunguza. Kisha upepo huupeleka mchanganyiko ule nje ya mji, ambako ozoni huongezeka njiani. Kwa hiyo askari wa trafiki aliyesimama kwenye njia panda aweza kuvuta ozoni kidogo kuliko wenzake walioko katika kambi iliyo kilomita kadhaa nje ya mji, upande unakoelekea upepo. Huyo wa trafiki, hata hivyo, anavuta moshi wenyewe, na anastahili zamu fupi na mahali pa kupumzikia penye hewa nafuu. Wala huyu wa kambini asijidanganye kwamba miti na ukimya wa shamba ni dhamana ya hewa safi.

Basi tufanye nini? Hatutaki askari waache mazoezi. Askari asiyefanya mazoezi ni mzigo kwa taifa. Tunachosema ni kwamba saa ya mazoezi ichaguliwe kwa akili. Desturi ya zamani ya mchakamchaka alfajiri ina hekima kwa upande huu: ozoni huwa kidogo wakati huo. Ingawa alfajiri yenyewe, katika miji yenye moshi mzito wa asubuhi, huweza kuwa na vumbi laini jingi, na mahali pa kukimbilia pawe mbali na barabara kuu. Safari ndefu za miguu na mzigo, majaribio ya mbio ya kupandisha vyeo, na adhabu za kukimbia, visipangwe saa 8 mchana katika siku kavu, tulivu, yenye jua kali na ukungu wa moshi. Kazi ikilazimu kufanywa saa hizo, na ifanywe kwa vipindi vifupi, pamoja na mapumziko ndani ya jengo. Kwani ndani ya nyumba ozoni huwa kidogo kuliko nje.

Kitambaa au barakoa ya kawaida haizuii ozoni, kwa maana ozoni ni gesi, si vumbi. Hupita humo kama hewa nyingine. Makaa maalum yaliyomo katika vichujio vya gesi ndiyo yawezayo kuipunguza. Katika karakana za jeshi na polisi, fundi wa kulehemu kwa umeme asifungiwe katika chumba kisicho na madirisha, kwa kuwa cheche za umeme zenyewe huzaa ozoni palepale alipoinama. Magari na karandinga zisiachwe zikinguruma bure uwanjani. Petroli isimwagwe ovyo wakati wa kujaza matangi, maana mvuke wake ni mbegu ya ozoni. Na takataka za kambi zisichomwe mchana wa jua kali karibu na uwanja wa mazoezi.

Mganga wa kikosi naye anayo nafasi yake. Chombo cha kupimia pumzi hakihitaji chumba kikubwa. Kuruta akipimwa siku anapoingia chuoni, na kupimwa tena anapolalamika, patakuwa na ushahidi badala ya ubishi kati yake na mwalimu wake.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Watu wa Los Angeles walimtafuta adui baharini, kumbe alikuwa akitoka katika mabomba ya magari yao wenyewe. Nasi tusimtafute uvivu katika kifua cha kijana, kumbe tumempangia mbio katika saa mbaya. Mwananchi wa kawaida akisikia kifua kinabana aweza kuketi. Askari hawezi kuketi mpaka aamriwe. Basi yule mwenye uwezo wa kutoa amri ndiye mwenye wajibu wa kujua kilichomo katika hewa anayowaamuru wengine waivute.